Regyuleta Mpya, Regyuleta ya Mtumba, na Ile ya Jikoni kwa Mama

Sitawashauri kuhusu ndoa, kilimo wala siasa. Katika mambo hayo matatu nimeshindwa mara za kutosha, na nimejipatia heshima ya kunyamaza. Ninachokijua ni kimoja: kupumua chini ya maji katika wilaya ambazo hazina bahari. Nimefanya kazi ya uzamiaji Biharamulo na Ngara mpaka sikio langu la kushoto lilipokataa kuendelea, nikastaafu katika umri ambao wenzangu wa chuo kikuu ndiyo kwanza wanapandishwa vyeo. Kwa hiyo mkiniita mzee naitika, lakini siyo kwa moyo wote.

Swali mnaloniuliza kila mnapoanza kazi hii ni lile lile: regyuleta, ninunue mpya au mtumba?

Kwa asiyeijua, regyuleta ni kifaa kinachokaa kati ya mtungi wa hewa na mdomo wako. Ina kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye mtungi, mpira mrefu wa kupitisha hewa, na kipande cha kuuma kwa meno. Hewa ya mtungini imeshindiliwa kwa nguvu ya kukupasua kifua. Regyuleta inaituliza ikufikie kwa upole, kila unapovuta. Ni ndugu ya ile ya mtungi wa gesi ya kupikia, isipokuwa ile ya jikoni ikigoma unalala na njaa, na hii ikigoma hujui utalala wapi.

Aliyeniuliza mara ya mwisho ni Editha, binti wa Runazi, ambaye wazazi wake wanalima mahindi na mihogo na mpaka leo hawajaelewa kwa nini mtoto wao anakwenda kutafuta riziki mahali ambapo hapalimiki. Alifundishwa kuzamia Mwanza pamoja na kijana mwenzake, Masanja. Mimi niliwaongezea mazoezi waliporudi, ndiyo maana wananiita mwalimu. Wakaunda kikundi, wakapata kazi yao ya kwanza: bwawa la mradi wa maji huko Nyantakara. Chini ya bwawa kuna bomba linalonyonya maji kwenda kwenye pampu, na mdomo wa bomba hilo una chujio la chuma. Chujio lilikuwa limezibwa na magugu, matope na turubai la mtu asiyejulikana. Pampu ilikuwa inakohoa. Watu walikuwa wamerudi kuchota kwenye lambo, wakipishana na ng'ombe.

Lazima mtu ashuke na kisu akalifungue. Mtu huyo alikuwa Editha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ametulia zaidi majini. Mitungi waliazima. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni regyuleta. Swali lao, basi, halikuwa la darasani. Walikuwa wanauliza ni nini kitakachokaa kati ya meno ya Editha na mtungi siku hiyo, kwenye maji ambayo hata mkono wako mwenyewe huuoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mmekula?"

"Tumekula. Mwalimu, mpya au mtumba?"

"Mtumba wa Ulaya," akadakia Masanja kabla sijafungua mdomo. "Mwalimu, tazama shati langu hili. Mtumba. Halijawahi kutoka kifungo. Lile jipya nililonunua dukani lilitoka mkono nikiwa kanisani."

"Ukiwa umesimama au umekaa?" Editha akamuuliza.

"Nimenyoosha mikono, nasifu."

"Basi wewe shuka na shati. Mimi nauliza regyuleta."

Nikawaambia nitalifikiria. Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nalo kabla ya swali. Jibu lilikuwa: yangu. Nina regyuleta yangu niliyoitumia miaka yote ya kazi, nikaiacha nyumbani kwa mama, Nyamiaga, wilaya ya Ngara. Nilikuwa nimeshaona akilini mwangu siku ambayo Editha anashuka nayo, na watu ukingoni wanaulizana ni ya nani, na mimi natazama pembeni kwa unyenyekevu. Mtu aliyestaafu mapema huwa na muda mwingi wa kupanga unyenyekevu wake.

Lakini nianze nyuma kidogo, kwa Masalu.

Masalu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wa baba yake, akawaacha ng'ombe akaenda ziwani kutoa nyavu zilizokwama, kisha akarudi akiwa mzamiaji wa kampuni moja ndogo iliyokuwa ikitunza mabwawa na pampu. Mimi kampuni hiyo iliniajiri kuandika ripoti. Nina shahada ya sosholojia. Siku moja mzamiaji wa pili hakutokea, Masalu akauliza nani anajua kuogelea, na mimi niliyekulia karibu na mto Ruvubu nikanyoosha mkono kwa mazoea ya darasani. Ripoti zikatafutiwa mtu mwingine. Sosholojia yangu haijawahi kuulizwa chini ya maji, ingawa niko tayari.

Wiki yangu ya kwanza Masalu alinikabidhi regyuleta ya kampuni, akaniambia niizamishe kwenye ndoo nimwambie naona nini. Nikaona mapovu madogo yakipanda kutoka pale mpira unapoingia kwenye kichwa.

"Inavuja kidogo tu," nikasema.

Masalu hakubishana. Alikwenda kwenye mizigo, akarudi na sufuria na mfuko wa maharage, akaniwekea mbele.

"Msomi, leo unapika."

"Mimi?"

"Huko chini hakuna kidogo tu. Huku juu kuna maharage. Yachambue, yana mawe."

Ilikuwa sheria ya kikosi chake, na hakuwa na sheria nyingine. Anayesema "tu" kuhusu kifaa cha pumzi, siku hiyo hashuki, anapika. Mpira umechakaa kidogo tu, unapika. Ni kutu ya juu juu tu, unapika. Hakuwa na ugomvi na neno lenyewe. Aliniambia mtu anayelitamka ameshaamua kushuka na sasa anatafuta kifaa cha kumkubalia. Mwaka wangu wa kwanza nilijifunza kuzamia kwa kiasi, na kupika sana.

Baadaye nikapata ujasiri wa kununua regyuleta yangu. Nikanunua mpya. Ilikuwa kwenye boksi zuri, imefungwa nailoni juu ya nailoni, inanukia kama viatu vya Krismasi. Ilikuwa mpya kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuitumia, na baada ya kuitumia nikaelewa kwa nini. Ilitoa hewa kama karani anayetoa fomu: unavuta, inatafakari, kisha inakupa nusu. Nikampelekea Masalu. Hakuigusa. Aliuliza, "Ikiharibika nani anaifungua?" Nikaenda kumuuliza fundi Mwanza. Fundi aliigeuza, akaitazama chini, juu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Spea hakuna. Kiwanda chenyewe hakijulikani. Kumbe nilinunua kitu kipya ambacho hakina ndugu.

Ya pili nikanunua mtumba, kutoka kwa mzamiaji mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba wake ziwani na kurudi kwao. Alinionyesha ilivyokuwa ikihifadhiwa, akaniambia fundi gani alikuwa akiifungua kila mwaka, na fundi huyo alikuwa hai, Mwanza, anapokea simu. Nilimpelekea kabla sijashuka nayo hata kwenye pipa. Akaifumua yote, akabadilisha oringi, yale mapete ya mpira ya kuzuia hewa isivuje, na viwambo, akaifunga. Hiyo ndiyo ilinipumulia mpaka sikio liliponisaliti. Kwa hiyo msinione nasema vibaya kuhusu mtumba. Mimi mwenyewe nimelelewa na mtumba.

Mnaona sasa kwa nini swali lenu linanipa shida. La kuuliza kwanza ni nani aliifungua mara ya mwisho, na nani ataifungua mara ijayo. Mpya yenye fundi na spea ni nzuri. Mtumba wenye fundi na spea ni mzuri. Kisicho na fundi kiacheni dukani, hata kama kinang'aa.

Turudi kwa Editha. Masanja, kwa imani yake ya mashati, alikuwa amempata mtu wa Pwani anayeuza mtumba kwenye simu. Picha zilikuja: regyuleta imelazwa juu ya taulo jeupe kama bibi harusi. Maelezo: imetumika mara chache, mwenyewe kasafiri.

"Mwombe picha ya pale inapofungwa kwenye mtungi," nikamwambia. "Pana kichujio kidogo cha chuma, kama cha chai. Kikiwa na ukijani, maji yaliingia ndani. Kikiwa na unga mwekundu, imekula kutu ya mtungi."

Masanja akaandika. Tukasubiri. Ikaja picha ya begi lake la kubebea.

"Begi zuri," Masanja akasema.

"Mwambie kichujio," Editha akasema.

Ikaja picha ya taulo, safari hii kwa karibu. Kisha muuzaji akapiga simu mwenyewe, akaongea kwa upole wa kutisha. "Dada yangu, hii ni orijino, hii ni kazi ya Mzungu. Wewe uko wapi?"

"Biharamulo."

"Biharamulo kuna bahari?"

"Hakuna."

"Sasa wewe wasiwasi wa nini?"

Editha akamshukuru, akakata. Hapo ndipo nilipokohoa, nikasema, kama mtu aliyekumbuka ghafla, kwamba kuna moja nyumbani Nyamiaga, nitakwenda kuichukua, wala hawatanilipa. Masanja alipiga makofi. Editha alisema asante mwalimu, kisha akauliza, "Imekaa muda gani bila kufunguliwa?"

Nikasema imetunzwa vizuri. Mkisikiliza kwa makini, mtagundua kwamba hilo halikuwa jibu.

Lakini nililiamini. Nilipoiacha kwa mama nilimwambia maneno haya: "Mama, kitu hiki kimenilisha, kimenisomeshea watoto. Kitunze kama uhai." Mama yangu ni Mhangaza wa kilimo na ng'ombe wachache, na akiambiwa kutunza, anatunza.

Nilifika Nyamiaga mchana. Tukasalimiana, akanilalamikia nimekonda, nikala, nikamweleza habari za Editha na bwawa, ndipo nikauliza. Akanyanyuka kwa fahari, akaingia jikoni. Siyo jiko la gesi, hilo nilimnunulia na analitumia kuwekea vikombe. Aliingia kwenye jiko la kuni, lile la nje. Nikamfuata. Akanyoosha mkono juu ya mafiga, kwenye uchaga uliokuwa mweusi kwa moshi wa miaka, pale anaponing'iniza mahindi ya mbegu na vibuyu vya maharage ya kupanda. Katikati ya mahindi, ikiwa imezungushiwa mpira wake vizuri kama nyoka aliyelala, palikuwa na regyuleta yangu.

"Mama. Juu ya moto?"

"Ulisema kama uhai." Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi. "Uhai wa nyumba hii unakaa wapi? Mbegu ziko hapa. Hapa bunguo wa kutoboa nafaka hafiki, panya hafiki, mwizi hajui. Ulitaka nikiweke sebuleni na viatu?"

Katika nyumba yetu hapajawahi kuwa na mahali pa heshima kuliko hapo.

"Na kilikuwa kinapauka," akaendelea, akiipangusa kwa kanga. "Ule mpira ulianza kuwa na majivumajivu. Nikawa nakipaka siagi. Kila nikimaliza kusukasuka maziwa, nakipaka na chenyewe. Tazama."

Nikatazama. Vijana, ilikuwa inang'aa. Siku niliyoinunua haikuwa hivyo. Mpira ulikuwa mweusi wa kupendeza, chuma kinameremeta, kipande cha mdomoni kimelainika. Ilikuwa kama mtoto aliyeandaliwa kwenda kubatizwa. Ndani yangu mzamiaji alijua tayari. Alijua moshi unafanya nini kwa mpira, na joto, na mafuta ya chakula. Lakini mzamiaji huyo amestaafu, na aliyebaki ni mtu mwenye shahada, ambaye anaweza kujieleza chochote. Nikajieleza kwamba vifaa vya zamani ni imara. Njia nzima ya kurudi Biharamulo niliipakata.

Siku ya kuipima tulikaa uani kwangu, mimi, Editha na Masanja. Masanja aliipokea, akapiga mluzi.

"Mwalimu! Hii mtumba? Hii ni mpya. Inanukia..." Akanusa tena. "Inanukia chakula."

"Imekaa sehemu salama," nikasema.

Editha aliiweka mapajani, akaanza kufanya yale niliyomfundisha mwenyewe, kwa mpangilio ule ule, na kwa uso ule ule ambao nimekuwa nikimwambia awe nao. Kwanza akasogeza zile bangili za plastiki zinazokinga miisho ya mpira, akaukunja mpira taratibu pale unapokutana na chuma. Chini ya siagi mpira ukafungua mistari midogo midogo, kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Akanionyesha. Nikatikisa kichwa kwa namna isiyo ndiyo wala hapana.

Kisha akafunga kifuniko cha kichwa, kile cha kuzuia vumbi, akatia kipande mdomoni, akavuta pumzi. Mnajua kipimo hiki. Hakuna mtungi, kifuniko kimefungwa, kwa hiyo ukivuta hutakiwi kupata kitu. Unatakiwa unyonye ukutane na ukuta. Ukipata hewa, maana yake kuna mahali inaingilia, na pale hewa inapoingilia juu, ndipo maji yatakapoingilia chini.

Editha akavuta. Hewa ikaja bila shida yoyote. Ilikuja vizuri kuliko ilivyowahi kuja kwenye mtungi.

"Unapata?" Masanja akauliza.

"Napata. Na moshi napata."

Akaigeuza, akachungulia pale chini panapotokea pumzi chafu. Kile kipande chembamba cha mpira kinachofunguka ukitoa pumzi na kujifunga ukivuta kilikuwa kimevimba na kujikunja kama sikio la mbuzi. Akaitikisa, ikalia ndani. Akaitikisa tena juu ya kiganja. Kikadondoka kitu kidogo, cha rangi nyekundu yenye madoa. Ilikuwa punje ya harage, mbegu safi, haijatobolewa.

Tuliitazama wote watatu.

Hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho ningependa mkisome mara mbili, kwa sababu siku moja mtakifanya ninyi. Nilikuwa naijua kazi hii kuliko wote waliokuwa uani hapo. Nimeona na kusikia yaliyowapata watu walioshuka na vitu vya namna hiyo. Nikafungua mdomo nikasema:

"Ni harage tu. Tukilitoa..."

Nikasikia nilichosema. Masanja naye akasikia, akainama kufunga kamba za viatu alizokuwa amezifunga tayari. Editha aliiweka ile punje mezani polepole, akanitazama. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na huruma, ambayo ni mbaya zaidi.

"Mwalimu," akasema, "nyie kwa mzee Masalu ilikuwaje? Mtu akisema hivyo?"

"Anapika."

"Siku ya kazi?"

"Siku ya kazi."

"Basi mwalimu, samahani sana. Siku ya Nyantakara utapika."

Usiku huo sikulala vizuri, na sababu haikuwa kupika. Nilikuwa naona jambo moja: kama Editha angekuwa na adabu zaidi kidogo, ile adabu tunayowafundisha nyumbani ya kutomwaibisha mkubwa, angeichukua regyuleta yangu, akanishukuru kwa mikono miwili, akashuka nayo kwenye yale maji meusi. Na mimi ningekuwa ukingoni, natazama pembeni kwa unyenyekevu.

Wakanunua mpya. Siyo ya kifahari. Ni ya kawaida, ya kiwanda kinachojulikana, kutoka duka la Mwanza ambalo lina fundi wake na lina spea kwenye droo, siyo kwenye ahadi. Editha alimpigia fundi kabla ya kulipa, akamuuliza anaweza kuifungua ile aina, na mpira wa ndani ukiisha anautoa wapi. Fundi akajibu bila kutafuta maneno. Ikaja na basi. Karani wa mizigo pale stendi alikataa kuitoa, akisema vifaa vya gesi haviruhusiwi kusafiri na abiria, na Masanja alilazimika kuiweka mdomoni na kuigiza samaki mbele ya watu mpaka akaeleweka.

"Sasa hii haina haja ya kupima," Masanja akasema tulipolifungua boksi. "Mpya hii."

"Leta pipa," Editha akamwambia.

Wakaifunga kwenye mtungi, wakaizamisha. Na hiyo mpya, vijana, ikatoa mapovu. Machache, pale mpira unapoingia kwenye kichwa, mahali pale pale nilipoyaona yangu nikiwa kijana. Masanja akanitazama. Mimi nikatazama mbingu. Sikusema kidogo, sikusema tu, sikusema chochote.

Editha akampigia fundi, akamweleza, akamtumia picha. Fundi akamwambia oringi imebanwa vibaya kiwandani, afungue pale, atoe, aweke ile ya akiba iliyomo kwenye boksi, asikaze kwa hasira. Akafanya. Wakaizamisha tena, wakaiacha majini sisi tukiongea habari nyingine. Hakuna povu. Mnaona tofauti kati ya hiyo na ya kwangu: zote mbili zilikuwa na kasoro, lakini moja ilikuwa na mtu wa kumpigia.

Siku ya Nyantakara nilifika mapema na sufuria. Watu walikuwa wamejaa ukingoni na ndoo zao, wengine wakiuliza kama kuna mamba, wengine wakihakikishia kwamba yupo. Nikatengeneza mafiga yangu upande ambao moshi hauendi kwa mitungi. Mama mmoja mwenye ndoo aliniuliza mimi ni nani katika kikundi. Nikasema mpishi. Akaniambia moto wangu ni mdogo.

Editha alivaa, Masanja akamfunga kamba kiunoni na kushika upande wa pili. Akauma ile regyuleta, akavuta mara kadhaa huku anatazama geji ya hewa, akavuta na kile kipande cha pili cha mdomoni, cha akiba, kisha akaingia. Maji yakamfunika kama mtu aliyefungiwa mlango. Zikabaki kamba na mapovu.

Mnaosubiri juu mtajua kwamba mapovu ndiyo mazungumzo yote mliyonayo. Yanapanda kwa mkupuo, yananyamaza, yanapanda. Kila yanaponyamaza unavuta pumzi yako mwenyewe ili kumsaidia, jambo ambalo halina msaada wowote. Nilikuwa nakoroga maharage bila kutazama sufuria. Kuna wakati yalinyamaza kuliko nilivyopenda, na Masanja, ambaye sijawahi kumwona bila neno mdomoni, akaacha kuongea na watu. Kisha kamba ikavutwa, ile ishara ya salama, na turubai likaibuka juu ya maji lenyewe, la buluu, likifuatiwa na magugu mengi kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Watu wakashangilia turubai.

Editha akatoka baada yake. Akaiondoa regyuleta mdomoni, akapumua hewa ya bure, akacheka kidogo.

"Vipi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshika mwiko.

"Nilisahau kama ninayo, mwalimu."

Sijawahi kusikia regyuleta ikisifiwa vizuri zaidi. Ndicho kitu pekee unachokitaka kutoka kwake. Ile yangu, katika miaka yake mizuri, nilikuwa naisahau hivyo hivyo. Nadhani ndiyo maana nilisahau pia kwamba nayo inazeeka.

Wakala. Masanja akasema maharage yana mawe. Nikamwambia awamu nyingine atapika yeye.

Jioni pampu iliacha kukohoa, nami nikampigia mama. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa mzunguko, maana sikutaka ajue kwamba siagi yake yote ilikwenda bure. Lakini mama hakunipa nafasi ya kuzunguka.

"Yule binti aliingia?"

"Aliingia, mama."

"Na kile changu?"

"Hapana. Kilikuwa kimechoka. Wamenunua kipya."

Nikasikia kuni zikipasuka upande wake.

"Alitoka?"

"Alitoka."

"Anapumua?"

"Anapumua, mama. Amekula na maharage."

"Basi nirudishie changu," akasema. "Tangu ukiondoe bunguo wameingia kwenye mbegu."